Mgeuze kwanza: Diana wa shaba kwenye mnada wa Paris

Sanamu ya mwanamke uchi ikiletwa mnadani, wanunuzi humwanzia usoni, wakateremka kifuani, wakaishia miguuni. Sisi wabebaji tunaanzia chini. Tunatandika blanketi mezani, mmoja anashika kitako cha sanamu, mwingine anakamata nyonga, tunamlaza polepole, kisha tochi inaingia uvunguni. Usithubutu kumnyanyua kwa mkono. Mkono ulionyooshwa mara nyingi umesubiwa, yaani umemiminwa kwenye kalibu, peke yake ukaja kuunganishwa begani, na kiungo cha zaidi ya miaka mia hakina deni na wewe.

Kazi yangu ni kubeba vitu vya watu hapa Paris: makabati, saa za ukutani, picha, na shaba. Shaba nyingi mno. Hadi 2010 pale Hôtel Drouot, jumba la minada la Paris, kazi hii ilikuwa ya watu wa Savoie, mkoa wa milimani, peke yao, waliojulikana kwa kola nyekundu za makoti yao, na mtu mwenye jina kama langu asingepita hata mlango wa bohari. Sasa tunapita. Mgongo unauma vilevile.

Safari hii aliyelazwa kwenye blanketi alikuwa Diana wa Alexandre Falguière. Kimo chake ni kama mkono wangu kutoka bega hadi ncha za vidole. Ni mungu wa Warumi wa uwindaji, uchi wa mnyama, ana mwezi mwandamo nyweleni, mkono mmoja kaupeleka mbele na mwingine kauvuta nyuma, ndiyo kwanza ameachia mshale. Upinde wenyewe haupo. Ngumi ya mbele ina tundu tupu la kupitishia kitu kilichokwishapotea. Hili si ajabu: upinde ulitengenezwa peke yake ukachomekwa, watoto wa nyumba wakauchomoa, na siku ya kugawana urithi hakuna aliyejua ulikokwenda. Katalogi ya mnada iliandika kwa herufi ndogo, "upinde umekosekana", na makadirio yakawekwa yuro 1,500 hadi 2,000.

Uvunguni mambo yalikuwa mazuri. Ngozi ya ndani ilikuwa na chenga chenga, rangi ya kahawia iliyokufa, bila kung'aa popote. Nati zilizoshika miguu kwenye kitako zilikuwa za pembe nne, kila moja imepishana kidogo na mwenzake kwa ukubwa, maana zilitengenezwa kwa mkono. Kulikuwa na vumbi gumu pembezoni, lile ambalo halifutiki kwa kidole. Ukingoni mwa kitako kulikuwa na muhuri wa mviringo wa Thiébaut Frères, mafundi wa Paris wa kusubu shaba. Basi. Ukigeuza sanamu ukakuta shaba ya manjano inayong'aa, harufu ya asidi, na bolti ya kufunguliwa kwa ufunguo wa alen, huna haja ya kuitazama sura.

Kwa juu, rangi ilikuwa kahawia iliyoiva. Rangi hii fundi huitia kwa moto na brashi: anaipasha shaba, anaipaka chumvi za madini, za chuma kupata kahawia, za shaba kupata kijani, halafu anafungia kwa nta. Mahali palipoguswa sana rangi huondoka na manjano ya shaba yanachungulia. Diana wetu alikuwa na manjano kwenye ncha ya pua, goti moja, matiti yote mawili na upande mmoja tu wa makalio. Nyumba ile ama ilikuwa na mfanyakazi mwenye bidii na kitambaa, ama ilikuwa na mzee ambaye akipita karibu na meza mkono ulimtangulia.

Mama yangu mdogo alinipigia simu ya video wakati ule ule, nami bila kufikiri nikageuza kamera.

"Astaghfirullah! Mwanangu, hao ndio unaowabeba?"

"Ndiyo kazi, mama mdogo."

"Na wanawaweka wapi?"

"Sebuleni."

"Wageni wakija?"

Swali hilo la wageni Wafaransa wa karne ya 19 walikuwa na jibu lake tayari: mpe jina la mungu. Mwanamke uchi mezani ni aibu, lakini Diana, Venus au nimfu wa msituni ni elimu. Falguière, mzaliwa wa Toulouse, 1831, alilijua hilo vizuri sana. Diana yake alipoonyeshwa kwa plasta kwenye Salon ya 1882, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, kilichowakera baadhi ya wakosoaji ni kwamba jina halikutosha kumfunika. Walisema huyu si mungu, huyu ni mwanamke wa Paris aliyevua nguo. Nimemtazama kwa karibu kuliko wengi wao, nami nakubali. Kidevu kimeinuliwa kama cha mtu anayejua anatazamwa, kiuno kina alama ya mwili uliozoea korseti, na magoti ni ya mtu wa kweli, yana nyama juu kidogo. Ndiyo maana nampenda. Miungu ya marumaru laini inanichosha.

Aliyewatangulia wote kwa vituko ni Auguste Clésinger. Mwaka 1847 alionyesha mwanamke wa marumaru anayejinyonganyonga kwa kuumwa na nyoka. Aliyekaa mbele yake kama modeli ni Apollonie Sabatier, mwanamke aliyejulikana sana mjini, na plasta ilimwagwa juu ya mwili wake mwenyewe kupata umbo. Ukienda makumbusho ya Musée d'Orsay hapa Paris ukasimama karibu na mapaja utaona mikunjo na vishimo vya ngozi ambavyo hakuna patasi ingeviwaza. Nyoka ni kamba nyembamba tu kifundoni mwa mkono, amewekwa ili kazi ipate kisa cha kusimulia. Watu walikasirika, wakajazana kutazama. Falguière naye mwaka 1896 alirudia mchezo: mchezaji dansi uchi kabisa mwenye uso wa Cléo de Mérode, mchezaji wa jumba la Opéra. Cléo alisema alikaa kwa ajili ya kichwa tu. Paris haikumwamini, au haikutaka.

Lakini haya ni ya marumaru na plasta, vitu vikubwa vya makumbusho. Aliyewaingiza wanawake hawa sebuleni kwa mkulima mwenye mashamba na daktari wa mkoani ni mashine. Achille Collas alibuni chombo chenye mkono wa kufuatisha: upande mmoja sindano inapita juu ya sanamu kubwa, upande wa pili kisu kinachonga ile ile kwa kipimo kidogo. Mwaka 1838 aliungana na Ferdinand Barbedienne, aliyekuwa mfanyabiashara wa karatasi za ukutani, wakaanza na kazi za kale za makumbusho ya Louvre. Venus wa Milo, ambaye kwa ukubwa wake halisi angevunja sakafu ya mtu, akawa wa kuwekwa juu ya meko. Mpaka leo tunabeba sanamu zenye kimuhuri cha mviringo cha Collas mgongoni mwa kitako, na bado kuna mnunuzi anayedhani Collas ndiye mchongaji.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kwenye karakana kama ya Thiébaut, ile sanamu ndogo ya kwanza ilifanywa ya shaba, ya kufunguka vipande, na hiyo ndiyo iliyokuwa mama wa zote. Kila mara walishindilia mchanga wenye udongo kuizunguka, wakaitoa, wakaweka kiini cha mchanga katikati ili pabaki uvungu, wakamimina shaba iliyoyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Mwili kivyake, mikono kivyake. Kisha viungo vikafungwa, na mtu wa patasi akakaa na kila sanamu akifuta mishono na kuchora upya nywele, kucha, kope. Hapo ndipo nzuri na mbaya zinapoachana. Kwa Diana wetu nilipitisha ukucha juu ya nywele za kisogoni, ukakwama kwenye kila mfereji. Kwenye nakala ya ovyo ukucha unateleza kama unapita juu ya sabuni.

Siku ya mnada ilikuwa fupi. Chumba chenye kuta nyekundu, viti haba, wafanyabiashara wamesimama nyuma mikono mfukoni. Sanamu yenye thamani ndogo haipewi hata dakika mbili. Dalali alifungua kwa 800. Kimya. Akashuka? Hapana, akangoja, na simu ya kwanza ikainuliwa. Wakapanda mia mia hadi 1,900, chumba kikadhani basi, halafu mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa na kikapu cha kukokota cha sokoni akainua kalamu. Simu na kalamu wakapigana mpaka 2,900, simu ikakata tamaa, nyundo ikaanguka. Hakuna mtu wa serikali aliyesimama. Nalisema hili kwa sababu Ufaransa ina sheria inayowachanganya wageni: nyundo ikishaanguka, mwakilishi wa serikali anaweza kusimama na kuichukua kazi kwa bei ile ile kwa niaba ya makumbusho, na anayo siku 15 za kuthibitisha. Mnunuzi aliyeshinda anabaki na kalamu yake. Kwa Diana mdogo wa sebuleni haitokei. Makumbusho ya Toulouse wana Diana wa marumaru.

Mwanamke wa kikapu alikuja kulipa akakuta ada ya mnunuzi imepandishwa juu ya bei ya nyundo, robo na zaidi kidogo. Alikuwa anajua. Wasiojua huwa wanapaza sauti pale dirishani, nasi tunajifanya tunafunga kamba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi na mwenzangu wa kazi hatuachi kugombana. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, namwita kaka, na kaka anaamini kwamba mali ni karatasi. Kwa Wafaransa leo kazi ya shaba huhesabiwa kuwa halisi ikiwa haikuzidi 12: nane zenye nambari, 1/8 hadi 8/8, na nne za msanii, I/IV hadi IV/IV. Kanuni hiyo imetoka kwenye sheria za kodi, si kwenye karakana. Zikizidi hapo ni nakala, na amri ya 1981 inataka nakala ichongwe neno hilo kwenye shaba yenyewe, lisilofutika. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba kanuni ya juzi inawekwa juu ya wafu wa zamani ambao hawakuwahi kuisikia.

Mchukue Rodin, mchongaji mashuhuri. Mwaka 1898 alitia saini na nyumba ya Barbedienne, wakasubu sanamu yake iitwayo Busu kwa ukubwa wa aina nne, zaidi ya mara 300 katika miaka 20. Yeye akiwa hai, akipokea fedha yake, hakuona tatizo. Kisha 1916 akaipa serikali kazi zake zote pamoja na haki ya kuendelea kusubu, akafa mwaka uliofuata, na makumbusho yake yaliyofunguliwa 1919 yamejilisha kwa haki hiyo miaka yote. Kwa hiyo Eva wa Rodin aliyesubiwa nusu karne baada ya mazishi ya Rodin, akiwa na nambari yake na karatasi za makumbusho, kisheria ni Rodin halisi. Diana wetu, aliyetoka karakana wakati Falguière angali anatembea Paris, ana muhuri tu, hana nambari, na kwenye macho ya wanunuzi wengi ni pambo.

Tena muhuri wake unasema mengi. Umeandikwa Thiébaut Frères peke yake. Kuelekea mwisho wa karne warithi waliongeza majina ya Fumière na Gavignot, kwa hiyo ukiona Thiébaut Frères bila hao wawili unajua uko nyuma ya hapo. Falguière alikufa 1900. Mimi hiyo kwangu inazidi nambari.

Kaka hujibu kwamba muhuri hugushiwa. Hapo ananishinda kidogo. Muhuri unaopendwa kuliko yote na wagushi ni wa Alexis Rudier, ambaye karakana yake ilimfanyia kazi Rodin. Alexis alikufa 1897; mwanawe Eugène akaendelea kupiga jina la baba kwenye shaba hadi naye alipokufa 1952. Jina la marehemu lililopigwa kihalali kwa miaka zaidi ya 50 ni kishawishi kikubwa, na miaka ya 1990 polisi wa Ufaransa walimkamata mfanyabiashara aliyekuwa akilipiga bila uhalali wowote, kwenye shaba nyingi za kujaza maghala.

Lakini mgushi hana ile modeli mama. Anachoweza ni kupata sanamu iliyokwisha kusubiwa na kutengeneza kalibu juu yake. Shaba ikipoa hunywea, kama asilimia 2 hivi, na hapo ndipo mkanda wa kupimia unakuwa na akili kuliko mtaalamu. Diana wa sentimita 75 akizaliwa kutoka kwa Diana mwenzake anatoka mfupi kwa zaidi ya sentimita moja, na nywele zimeziba. Kaka anao mkanda. Mimi ninao. Katika hilo hatugombani.

Alinikamata vizuri zaidi mwanzoni mwa 2025, habari za mji wa Orléans zilipofika. Dalali wa huko alikuwa ameitwa kuandika mali ya urithi kwenye nyumba ya Paris iliyofungwa miaka mingi, si mbali na mnara wa Eiffel, akafunua kitambaa akakuta shaba ya mchongaji Camille Claudel. Ni ile ya watu watatu: mwanamke mzee anamkokota mwanamume, na nyuma yao msichana uchi amepiga magoti, mikono imenyooka kumwelekea, vidole havimfikii. Februari iliuzwa zaidi ya yuro milioni 3. Ilikuwa toleo la Eugène Blot, mfanyabiashara aliyetoa na kuuza shaba za Camille, nambari 1.

"Nambari 1," kaka akasema, akanyamaza ili iniingie.

Nikamjibu kwamba nambari hiyo ilipigwa Camille akiwa hai, na kwamba hiyo ni hoja yangu, si yake. Serikali ndiyo iliyoagiza kazi ile mwaka 1895, kwa plasta, na haikuwahi kulipia isubiwe kwa shaba. Aliyelipia shaba kubwa ya kwanza, 1902, ni kapteni mmoja wa jeshi, naye aliwapa kazi hao hao Thiébaut, wakati huo wakiwa na Fumière na Gavignot. Camille alikuwa amekwishaambiwa mapema na mkaguzi wa serikali awafunike wachezaji dansi wa sanamu yake ya Waltz, kwa sababu walikuwa uchi, ilhali wenzake wa kiume walikuwa wakiwajaza Diana na Venus kwenye kila sebule. Alimvisha mwanamke sketi. Mwaka 1913 jamaa zake wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa miaka 30, akafia huko 1943. Yule msichana wa magoti aliuzwa na Blot peke yake pia, kwa saizi mbili, na kila anapotokea mnadani mikono ile miwili hutufanya tutumie blanketi tatu.

Ukiniuliza mimi, ukiwa na yuro 3,000 usikimbilie jina. Tafuta aliyesubiwa mchongaji angali hai, aliyepita mikononi mwa mtu wa patasi mwenye subira, aliyeng'aa mahali ambapo watu wa kweli wamemgusa, na umkubali hata kama amepoteza upinde. Kaka anasema ukiwa na yuro 3,000 kaa nazo mpaka zifike 30,000, kisha nunua chenye karatasi. Tulikuwa bado kwenye hoja hiyo, Diana kati yetu amefungwa kamba na mwanamke wa kikapu anatungoja barazani, bosi alipopita akasema hatuna uwezo wa kununua hata kitako cha marumaru, kwa hiyo tubebe.